Kifungu Kilichonyamazisha Utafiti

Tathmini za ubia kati ya vyuo vikuu na viwanda aghalabu hupima fedha zilizopatikana. Ni nadra kuuliza nani mwenye kauli ya mwisho juu ya matokeo. Kisa cha Betty Dong wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, chadhihirisha upungufu huo. Utafiti wake, uliofadhiliwa na watengenezaji wa Synthroid, dawa ya maradhi ya tezi ya shingo, ulionyesha kuwa dawa hiyo haikuzishinda nyingine tatu zilizo nafuu. Makala yake iliondolewa katika jarida la JAMA mwaka 1995, kwa kuwa mkataba ulidai idhini ya mfadhili kwa maandishi. Ilichapishwa mwaka 1997.

Kuilaumu kampuni peke yake hakutoshi, kwani ilishikilia haki iliyokwisha kutiwa saini. Kasoro kuu ni ya usimamizi: kifungu kilichokiuka sera ya chuo chenyewe kilipita bila kuzuiwa. Mfadhili anastahili muda maalumu, siku 60 kwa mfano, wa kusoma rasimu na kuomba hataza. Hastahili mamlaka ya kuzuia uchapishaji. Chuo kinachopitisha mkataba bila kuuchunguza humwachia mtafiti tishio la kesi, na mgonjwa gharama ya dawa.