LS3/5A: Spika ndogo isiyochuja

Wapo watu waliokwisha badili amplifaya mara kadhaa, lakini spika zao za LS3/5A hawakubali ziguswe. Nawaelewa kabisa. Sanduku lenyewe lina ujazo wa lita 5 hivi, wala halikubuniwa kwa ajili ya sebule. BBC ililitaka kwa magari ya matangazo ya nje, ambamo nafasi ni finyu na fundi mitambo hukaa karibu mno na spika.

Uhodari mkubwa uko kwenye ubao. Wengi huamini kwamba sanduku nene ndilo linalotulia. H. D. Harwood na watafiti wenzake wa BBC walipima, wakaona vingine: ubao mnene na mgumu hutetemeka kwenye masafa ya kati, palepale inapokaa sauti ya mwanadamu na sikio lilipo kali zaidi. Wakachagua plaiwudi nyembamba, ya milimita 12 hivi, wakaibandika lami kwa ndani. Mtetemo ukashuka kwenye masafa ya chini, nao uzito wa lami ukaufifisha.

Spika za ndani zilitoka kampuni ya KEF: B110 yenye koni ya plastiki ya Bextrene, na T27 ndogo kwa sauti nyembamba. Kwa kuwa hazikutoka kiwandani zikilingana barabara, krosova, yaani saketi inayozigawia masafa, iliwekewa transfoma yenye vituo kadhaa, ili fundi aipunguze T27 mpaka iendane na B110 iliyofungwa nayo. Pembeni mwa T27 wakabandika felti, sauti isigonge kingo za sanduku na kurudi imevurugika. Sijui kipande kingine cha kitambaa kinachofanya kazi kubwa hivyo!

Gharama yake ipo. Kwa wati moja, umbali wa mita moja, hutoa desibeli 83 hivi tu, na besi ya chini kabisa haipo. Anayetaka vikombe viruke mezani atafute kwingine. Kinachobaki ni mwimbaji aliyesimama mbele yako, pumzi yake na yote.

Mwaka 1987 krosova ilibuniwa upya, ukinzani ukashuka kutoka omu 15 hadi 11, na ubishi wa mashabiki haujaisha. Mimi nasimama na za omu 15. Ukikutana na jozi kuukuu, usianze na muziki. Anza na mwanamume anayesoma taarifa ya habari: sanduku lililolegea au T27 iliyochoka haiwezi kujificha nyuma ya sauti ya mtu anayezungumza.