Istilahi za Ndege za Topido: Uhakiki wa Rasimu Moja

Tumeipitia rasimu ya tafsiri ya sura moja inayoeleza ndege za Kiingereza zilizojaribiwa baina ya vita viwili vikuu, yaani zile zilizokusudiwa kuruka kutoka manowarini na kushambulia meli kwa topido. Sura hiyo imekusudiwa wanafunzi wa sekondari. Kwa hiyo tuliisoma pamoja na walimu wa Mkoa wa Singida, ambako maji makubwa wayaonayo wanafunzi ni maziwa ya Singidani na Kindai, wala hakuna bandari ya kumsaidia msomaji kukisia maana.

Kosa la kwanza ni jepesi. Mtafsiri ameziita ndege hizo "ndege zenye mabawa mawili". Mwalimu mmoja aliuliza ni ndege gani isiyo na mabawa mawili, maana hata heroe wa Singidani wanayo. Kinachozitofautisha ndege hizo ni mpango wa mabawa, jozi moja juu ya nyingine, zikishikwa kwa nguzo na nyaya. Tunapendekeza "ndege ya mabawa ya ghorofa". Ghorofa inafahamika mjini na shambani.

Zito zaidi ni neno "mfano", lililotumiwa kwa ndege inayoundwa kwanza ili kujaribia muundo, kabla ya kiwanda kuagizwa kuunda nyingi. Rasimu inasema kuwa mwaka 1933 "mfano wa Fairey ulianguka". Msomaji ataona kichezeo kimeanguka kutoka mezani. Iliyoanguka ni ndege kamili, T.S.R. I, iliyoruka mara ya kwanza Machi 1933 na kupotea Septemba mwaka uo huo, baada ya kuzunguka angani kama pia bila ya kurekebishika. Rubani wake, Chris Staniland, aliokoka kwa mwavuli. Wahandisi walirefusha kiwiliwili cha ndege, na T.S.R. II ikaruka Aprili 1934. Hiyo ndiyo iliyozaa Swordfish. Wako waliotushauri tuseme "ndege tangulizi". Neno hilo lingeifaa Fairey, lakini ndege tatu za Blackburn, Handley Page na Vickers, zilizoundwa kwa masharti ya M.1/30, hazikuagizwa hata moja. Zilimtangulia nani? Tumechagua "ndege ya kujaribia muundo". Ni tamko refu, lakini halidai jambo ambalo halikutokea.

Herufi T.S.R. zilitaja kazi tatu, na rasimu imezifanya mbili kati ya hizo kuwa "upelelezi". Hapa historia ya nchi yetu ingalimsaidia mtafsiri. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha katika delta ya Rufiji, ndege za Kiingereza ziliruka kwanza kutafuta ilipo. Huo ni upelelezi. Julai 1915, zikiruka kutoka Mafia, zilitazama makombora ya Severn na Mersey yalikoanguka na kuwaarifu wapigaji mizinga warekebishe shabaha. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, na ndiyo iliyoifikisha Königsberg mwisho wake tarehe 11 ya mwezi huo. Tunaiita "kuelekeza mizinga".

Tunafika kwenye topido, ambayo rasimu inaiita "bomu la majini". Mtafsiri anaeleza kuwa anaepuka neno la kigeni. Hoja hiyo inashangaza, kwani "manowari", aitumiayo karibu kila ukurasa, ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Madhara yake ni haya. Mei 1942, Swordfish kutoka Illustrious ziliposhambulia Diego Suarez huko Madagaska, meli Bougainville ilizamishwa kwa topido, na nyambizi Bévéziers kwa bomu la kulipukia chini ya maji. Katika rasimu vyombo vyote viwili vimezamishwa kwa "bomu la majini". Topido ina mtambo wake na hukata maji yenyewe kuuelekea ubavu wa meli; bomu lile huzama tu hadi kina kilichopangwa, likalipuka. Ya kwanza ibaki topido. La pili liitwe "bomu la kilindi", neno ambalo Mombasa wamelihifadhi katika jina la bandari yao.

"Manowari ya kubebea ndege" tunaikubali bila ya maneno.

Lililotusikitisha ni vituo. Katika Vita Kuu ya Pili wanamaji wa Uingereza waliweka vituo vya ndege nchi kavu, wakavipa majina ya Kiswahili: Kilele huko Tanga, Korongo huko Nairobi, Kipanga karibu na Mombasa. Kwa desturi yao kituo cha nchi kavu hutajwa kama kwamba ni meli. Mtafsiri hakulijua hilo, akaandika "meli Korongo iliyokuwa Nairobi". Mwanafunzi wa Singida amefundishwa katika jiografia kwamba Nairobi haina bahari. Sasa amwamini nani? "Kituo cha Korongo" kingetosha.

Majina ya ndege zenyewe yaachwe yalivyo. Rasimu imeifanya Shark kuwa Papa, na hivyo tunasoma kwamba "Papa wa kwanza aliruka Agosti 1933", sentensi ambayo walimu waliisoma mara mbili wakidhani ni habari za Vatikani.