Kiburudishacho na Kiu Yake

Neno "kuburudisha" limekuwa jepesi mno vinywani mwa wanaosifu mashairi. Msomaji asiyekuwa na la kusema juu ya diwani husema inaburudisha, naye mtunzi huipokea sifa hiyo kama mgeni wa mkutano apokeavyo soda: kwa adabu, pasina mtu kumuuliza kama ana kiu.

Asili ya neno hili ni Kiarabu, nalo ni ndugu wa "baridi". Kuburudika ni kupoa, na hapoi ila kilichokuwa na moto. Ndiyo maana mama aliyepata habari za mwanawe aliyekuwa baharini husema moyo wake umeburudika. Tangu jana ulikuwa ukiwaka. Mtoto naye huitwa kiburudisho cha macho, na macho hayo aghalabu yalikwisha kulia. Siku hizi burudani ni muziki na mchezo, viburudisho ni soda na biskuti, na vijana kila kitu kwao ni "poa", hata kisichopata kuona moto. Katika hayo hapana ubaya; lugha ni mali ya wenye kuisema.

Ubaya huanza pale mhakiki anapokopa bila ya kujua. Kiingereza kina neno "refreshing", ambalo kiini chake ni upya, wala si baridi. Mwingereza aweza kuliita hivyo jambo lolote lililo geni kwake, mradi limemwondolea uchovu wa yale aliyoyazoea. Mhakiki wa Kiswahili hulifasiri kwa "kuburudisha", na tangu hapo kila kipya humburudisha. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, upya ulikuwapo, kwani vina na mizani viliwekwa kando na ugomvi mkubwa ukazuka. Lakini jina la diwani ni jina la maumivu yachomayo. Kuiita yenye kuburudisha kwa sababu ni mpya ni kutoisoma hata jaladani. Taarabu inafahamu zaidi: jina lake latokana na neno la Kiarabu la msisimko, na watu huiendea kwa burudani. Moto na baridi hukaa ukumbi mmoja, na hakuna anayedanganyika kuwa ni kitu kimoja.

Atakaye kuipima sifa hii na atoke ukumbini, aende bara ya kusini, Mtua, upande wa Nachingwea na Ruangwa, mwezi wa Oktoba. Mvua bado, jua ni kali, na msimu wa korosho umefika. (Sikio la Mswahili husikia katika jina Mtua mtu ashushaye mzigo kichwani; pengine ni sadfa tu ya sauti.) Aliyeinama mikoroshoni tangu alfajiri huokota bibo, akaling'oa korosho yake, akalibana kwa meno. Maji hujaa kinywani, yakashuka hadi kidevuni, na ile kiu ya asubuhi nzima ikavunjika. Kisha huja ukakasi, ukakamata koo na kukaa hapo kwa muda mrefu; na doa liliopo kifuani mwa shati halitoki kwa sabuni.