Plasta ya Pietà: Nakala na Asili Yake

Katika fani ya uchongaji, nakala ya plasta aghalabu hudharauliwa. Husemwa kwamba ni kivuli tu cha kazi ya mwingine, haina mkono wa fundi wala uhai wa jiwe. Hukumu hiyo yafaa ipimwe upya, na kipimo chema ni nakala ya Pietà ya Michelangelo iliyomo katika Makumbusho ya Vatikani, si mbali na Kanisa la Mtakatifu Petro iliko asili yake.

Asili hiyo ilichongwa kwa marumaru ya Carrara katika miaka ya 1498 na 1499, mchongaji akiwa bado kijana. Bikira Maria ameketi, na mapajani mwake umelazwa mwili wa Mwanawe ulioshushwa msalabani.

Tuanze na upungufu wa plasta, maana haufichiki. Marumaru iliyosuguliwa vema hupokea nuru kidogo ndani yake kabla ya kuirudisha. Ndiyo sababu kifua cha Kristo chaonekana kuwa ngozi, si jiwe. Plasta hurudisha nuru juu juu. Katika asili, mikunjo mizito ya vazi la Maria yashindana na ulaini wa mwili ule mtupu, na mwili ndio ushindao. Katika nakala, ngozi na nguo zina weupe mmoja, na mikunjo hushinda. Umbo limehifadhiwa, maana imepinda kidogo.

Walakini plasta ina haki yake. Tarehe 21 Mei 1972 mtu mmoja aliipiga Pietà kwa nyundo mara nyingi. Mkono wa kushoto wa Maria ulivunjika, pua yake ikakatika, kope la jicho likaharibika. Mafundi walioitengeneza walikuwa na vipande vilivyookotwa, na pia nakala za plasta zilizotolewa kabla ya siku ile. Hapo kivuli kilimwongoza mwenye kivuli. Tangu hapo asili imewekwa nyuma ya kioo kinene, na mtazamaji husimama mbali nayo. Mbele ya plasta twaweza kukaribia na kuona jambo ambalo kwa mbali hutupotea: mkono wa kulia wa Maria haumgusi Mwanawe moja kwa moja, kati ya vidole vyake na mwili ule pana kitambaa. Mama amshika kama kitu kitakatifu. Nani atasema kwamba nakala ituonyeshayo haya haina faida?

Lakini sifa isizidi kiasi. Vidole vya mkono wa kushoto wa Maria vilivunjika zamani, vikatengenezwa na fundi mwingine katika karne ya 18. Kalibu iliyochukuliwa baada ya hapo haikupambanua kidole cha Michelangelo na kidole cha huyo aliyemfuata. Vyote vilitoka vyeupe, vya rangi moja. Plasta ni mnakili mwaminifu asiyejua kusoma. Wenzetu wanaohariri tendi za kale wamjua vema mnakili wa namna hiyo: huhamisha ubeti wa mtunzi na sahihisho la mtu wa baadaye kwa wino mmoja na hati moja, kisha wasomaji hugombana juu ya neno ambalo mtunzi hakulisema.

Basi plasta isihukumiwe kama asili iliyoshindwa. Ni shahidi, na shahidi huulizwa kwanza aliona lini. Makumbusho mengi ya Ulaya na Marekani yalizitupa plasta zao katika karne ya 20, yakidhani kwamba asili zingedumu daima. Nyundo ya 1972 ilifunua udhaifu wa dhana hiyo. Zilizosalia na zitunzwe. Na kila moja iandikwe, pamoja na jina la mchongaji, mwaka kalibu yake ilipochukuliwa. Pasipo mwaka huo, mtazamaji atamsifu Michelangelo kwa vidole ambavyo hakuvichonga.