Pembe Iliyoachwa

Tofauti ya miraba miwili ilinifikia sekondari kama amri: a² − b² = (a + b)(a − b). Tuliikariri, tukafaulu mtihani. Kanuni yenyewe sina ugomvi nayo; ni fupi na ya kweli. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyoendelea kuifundisha, herufi zikitangulia na ardhi isionekane kabisa.

Chukua shamba la mraba huku Momela, hatua 50 kila upande, ambalo pembe moja, hatua 10 kwa 10, imeachwa kwa ajili ya makaburi. Linalobaki kulimwa ni 2,500 kutoa 100, yaani hatua za mraba 2,400, lakini limekaa kama kona. Vuta kamba kufuata ukingo wa makaburi, ulikate: kipande kimoja ni 50 kwa 40, kingine 40 kwa 10. Kigeuze hicho kidogo, ukiweke ubavuni mwa kikubwa, 40 ikutane na 40. Kumbe ni mstatili wa 60 kwa 40! Hamsini kujumlisha kumi, hamsini kutoa kumi. Bibi asiyejua herufi hata moja angeiona kanuni hii kwa kijiti na vumbi.

Wala si mbinu ya watoto. Euclid aliieleza kwa umbo katika kitabu chake cha pili. Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, alithibitisha milinganyo yake kwa kuchora miraba, na jina la kitabu chake ndilo lililotupa neno aljebra. Tumechukua neno, mchoro tukauacha.

Hasara yake naijua. Aliyekariri tu huchanganya a² − b² na (a − b)². Katika shamba letu (50 − 10)² ni 1,600. Hatua za mraba 800 zimeyeyuka, na ndugu hugombana kwa ardhi ndogo kuliko hiyo. Tena wengi wa wanafunzi hawa wamesoma hisabati ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari wanakutana na Kiingereza. Lugha inapomwacha mtoto njiani, mchoro ungemshika mkono.

Nakiri, namba zikiwa hasi hakuna shamba la kuchora. Hapo herufi ndizo zinazotuvusha. Lakini zije baadaye.

Juzi nilimwuliza mpwa wangu: safu 53 za miche ya kahawa, kila safu miche 47, ni mingapi? Hakutafuta kalamu. Alichora mraba mavumbini, akaufuta pembe moja ndogo, akasema, "Mjomba, ni 2,500 kutoa 9."