Cameron na masanduku ya Kwihara

Kwihara, karibu na Tabora, ndiko liliko tembe alimokaa mvumbuzi David Livingstone. Twende kwenye masanduku ya mali yake, yaliyoletwa hapa na watu wake pamoja na mwili wake alipokwisha kufariki. Oktoba 1873, Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza aliyafungua, akatwaa vipimio vya Livingstone kwa ajili ya safari yake mwenyewe. Ulikuwa uamuzi mbovu, na kwa mtu wa bahari hauna udhuru.

Minadani, kikombe cha kale cha fedha kilichonywewa na ofisa wa majini hakinunuliwi kwa uzito wa fedha yake. Kinacholipiwa hasa ni karatasi zinazoonyesha kilitoka mkono gani kikaingia mkono gani. Kipimio kinadai zaidi ya hapo. Kila kronometa ina kosa lake, huenda mbele au hubaki nyuma kwa kiasi chake kila siku, na barometa nazo ni hivyo hivyo. Namba zilizoko daftarini husahihishwa baadaye, chombo kile kile kikirudi na kupimwa upya. Cameron alikulia melini, ambako kosa la saa huandikwa siku kwa siku. Katika eneo hili la Unyanyembe, nani alilijua jambo hilo kuliko yeye?

Na vya Livingstone vilikuwa na sababu ya pekee ya kurudi. Januari 1867 mchukuzi wa kronometa zake aliteleza akaanguka nazo, na longitudo zikapotoka. Kosa hilo likaingia katika hesabu zake za ziwa Bangweulu, na ni kwenye vinamasi vya ziwa hilo hilo alikotangatanga mwaka 1873 mpaka nguvu zikamwishia. Sekstanti, dira, barometa na vipimajoto, ushahidi wa miaka saba ya kazi, vikageuzwa njia kuelekea magharibi. Horace Waller, mhariri wa shajara za mwisho za Livingstone, alilalamika kwamba mkononi mwake kilifika kipimajoto kimoja tu. Ana haki.

Watetezi wa Cameron huleta homa na macho mabovu. Aliugua kweli. Ila homa hiyo hiyo haikumzuia kuchagua vilivyo vizuri. Na asiniambie mtu kwamba bila vyombo vile asingefika popote, maana mvumbuzi John Hanning Speke aliondoka Kazeh (Tabora ya leo) mwaka 1858, akatia kipimajoto katika maji yanayochemka kando ya ziwa Nyanza (Victoria), akapata kimo cha futi 3,740. Leo tunahesabu kama 3,720. Richard Burton, mwenzake wa safari, alimkejeli kwa mengi, lakini jibu hilo limesimama.

Cameron alitaka pia mwili wa Livingstone uzikwe hapa hapa. Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, wakakataa. Mbele ya safari, mahali paitwapo Kasekera, wakaufunga upya kama mtumba wa nguo na kurudisha nyuma furushi la uongo la mabua, ili wenye vijiji waamini maiti imekwenda kuzikwa Unyanyembe. Kazi safi. Jacob Wainwright, mmoja wa watu hao, naye alikwisha kuorodhesha mali ya marehemu tangu kijijini kwa Chitambo, alikofia, mbele ya wakubwa wa msafara, saa na vipimio vikiwamo. Yaani utaratibu ulikuwapo, tena kwa maandishi, na aliyeuvunja ndiye aliyevaa cheo.

Baada ya hapo Cameron alifanya vizuri: aliokoa karatasi za Livingstone zilizobaki Ujiji, akaona mto Lukuga ukitoka ziwa Tanganyika mwaka 1874, akafika Atlantiki Novemba 1875.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikapiga medali 60 za fedha kwa ajili ya watu wa Livingstone, na mwaka 1876 kikampa Cameron ya dhahabu. Kwa Lukuga, sawa, achukue. Lakini kabla ya kumvalisha, mtu mmoja wa kamati angemwuliza sekstanti ya mzee iko wapi.