Mkaa Unaoshika na Kuachia

Anayejua tanuri la mkaa husoma moshi. Katika miombo ya Sikonge na Urambo, mkoani Tabora, mchoma mkaa hupanga magogo, akayafunika kwa majani kisha udongo, akaacha matundu machache. Mwanzoni moshi hutoka mzito na mweupe: ni maji yanayoondoka mtini. Ukiwa mwembamba, wa kibuluu, huziba matundu upesi, la sivyo atafukua majivu. Kazi yote ni kuunyima moto hewa bila kuuzima kabla ya wakati.

Ustadi huu una umri mkubwa. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, majembe ya Warongo, wafua chuma wa upande wa Geita na Biharamulo, yalikuwa yakifika Unyanyembe, eneo la Tabora lililokuwa kwenye njia ya misafara iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji. Chuma chake kiliyeyushwa kwa mkaa. Leo wataalamu wa udongo wanaukutanisha mkaa na madini kwa kazi nyingine: kunasa fosfeti.

Fosfeti ni chakula cha mmea. Ikipungua kwenye udongo wa kichanga, kama ule uliotapakaa Tabora, majani ya mahindi machanga huingia rangi ya zambarau. Ziwa Victoria nalo limezidiwa na rutuba inayoletwa na mito kutoka mashambani na mijini, magugu maji yakastawi. Kinachokosekana huku kinachafua kule.

Mkaa mtupu hausaidii sana. Uso wake una chaji hasi, na fosfeti ni hasi vilevile, hivyo husukumana. Kwa hiyo fundi hutangulia kuloweka pumba za mpunga katika maji yenye chumvi ya magnesi au ya chuma, akazianika hadi zikauke, ndipo akazichoma bila hewa kwenye joto la nyuzi 500 au zaidi. Chumvi hugeuka oksaidi na kujishikiza ndani ya vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji machafu yakipita humo, fosfeti hubaki.

Malighafi haihitaji kukata mninga. Mashine za kukoboa za Igunga na Nzega hutoa pumba, na mashamba ya Urambo hubaki na mabua ya tumbaku baada ya mavuno.

Uhodari wenyewe umo katika kuchagua madini. Chuma hushika kwa nguvu mno. Udongo mwekundu wenye chuma kingi huifungia mbolea ya mkulima kwa namna hiyohiyo. Mkaa wa chuma unafaa pale lengo likiwa kuyalinda maji. Magnesi hushika kisha huachia polepole, mizizi ikapata chake. Kwa hiyo fundi mzuri huanzia shambani: akishajua kama kuna zao litakalokula fosfeti hiyo, ndipo huchagua chumvi ya kulowekea pumba.